Mama Shuka na Usingizi wa Mchana

Nilikuwa napiga pasi sare za wanangu shemeji aliponipigia simu. "Shemeji, kaa kwanza," akasema. Nikakaa juu ya nguo zilezile nilizokwisha kunyoosha. "Dada yako ametutoka. Moyo umesimama tu, hakuumwa." Baada ya hapo sauti yake ikawa kama inatoka chini ya maji, na chumba kizima kikawa cheupe kama ndoto ya homa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulichelewa kufika.

Dada alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na miwili. Walimwita Mama Shuka, kwa sababu shuka likipinda upana wa kidole, kitanda chote kilivuliwa na kutandikwa upya. Kila asubuhi ilikuwa hivyo: tandika, vaa viatu, panga mstari mlangoni, ngoja ukaguzi.

Mwaka jana redio ilitangaza kwamba katika nchi ya mbali bweni liliungua usiku, wanafunzi wakafia ndani. Hatukumjua hata mmoja wao. Lakini wasichana wa dada hawakulala tena vizuri, na mdogo wao kuliko wote, waliyemwita Kidoti, hakulala kabisa. Siku ya tano alikuwa bado anakesha akiutazama mlango. Mwalimu mkuu akasema asipolala hadi Jumamosi atarudishwa kwao. Kwao palikuwa kwa jirani aliyemlea kwa shingo upande. Akirudi huko, shule ndiyo basi.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumshonea dada mapazia ya kijani ya bweni. Ijumaa, saa nane mchana, aliyafunga yote, akawaambia wasichana wajilaze wajifanye wamesinzia. Kengele ikilia, wajue ni moto, watoke. Bweni likawa la kijani hafifu, kama tumo chini ya bwawa. Nje mpishi wa shule akagonga kengele.

Wakaamka. Wakatandika. Kila mmoja akatafuta kandambili zake. Kisha wakapanga mstari mlangoni, wapole, wakingoja kukaguliwa.

"Dakika sita!" mpishi akapiga kelele. "Chungu changu kingekuwa majivu, sembuse watu!"

Hakuna aliyecheka. Dada akaketi kwenye kitanda cha kwanza kama aliyepigwa.

"Wanangu, nisameheni. Nimewafundisha kufa kwa adabu."

"Sasa Mama, tusitandike?"

"Msitandike."

"Na viatu?"

"Miguu huoshwa. Atakayenipangia mstari leo atafua mapazia yote haya!"

"Wacha we!" mmoja akasema kutoka mwisho wa mstari, na hapo ndipo walipocheka.

Mara ya pili walitoka kama kuku waliofunguliwa banda. Dakika moja haikutimia. Kidoti alitangulia, akagusa ukuta wa uani, akageuka, akaukuta mlango uko nyuma yake, wazi. Aliutazama muda mrefu.

Mara ya tatu dada aliwalaza tena, akapita kitanda hadi kitanda akiomba kwa sauti ndogo. Pazia lilipumua, mwanga ukatambaa juu ya mashuka yaliyovurugika. Mpishi akachungulia dirishani.

"Nipige?"

"Usithubutu. Kidoti amelala kweli."

Kengele haikulia. Tulikaa pale mpaka jua likapungua, tukisikiliza pumzi zake. Jumamosi hakurudishwa popote.

Dada tulimzika Jumatano, saa tisa. Jeneza lilibebwa na shemeji, wanawe wawili na mpishi. Sala zilisomwa, tukaimba nyimbo mbili. Wasichana walikuja na mwalimu wao, wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akatia konzi ya udongo. Kidoti alitia yake, akafuta kiganja kwenye sketi, akasimama kando yangu. Wanaume wakajaza kaburi. Shemeji akawashukuru watu kwa maneno machache, nasi tukaondoka.