Akisema “Bado”, Bandikeni Chai

Saa moja kasoro robo asubuhi, mzee mwenye kofia ya buluu iliyopauka amepiga magoti katikati ya uwanja wa majani. Anachomeka ufunguo wa kufuli ardhini, anauzungusha kidogo, anauchomoa, kisha anayatazama meno yake kwenye mwanga. Anasogea hatua mbili, anachomeka tena.

Simu inalia mfukoni. Anaipokea bila kuinuka.

“Mzee, shikamoo. Pichi vipi?”

“Bado,” anajibu, na kukata.

Dirisha la jiko la klabu linafunguliwa. Mpishi anatoa kichwa nje.

“Leo umemvaa mwalimu wa fizikia, babu? Yule hakuwahi hata kuokoa mpira mmoja!”

“Hakuokoa mpira, lakini hakuunguza maandazi,” anajibu mzee, macho yakiwa kwenye ufunguo.

Dirisha linafungwa kwa kicheko.

Huu ni mwaka wake wa ishirini na tatu wa kutunza uwanja wa klabu hii ndogo ya kriketi. Wanachama wake ni wageni waliokuja nchini kwa mikataba ya kazi: wahandisi, walimu, wauguzi, muuza vipuri mmoja. Hakuna anayelipwa kucheza. Wanacheza Jumamosi, na Jumatatu wanaingia ofisini wakishika viuno.

Kwa asiyeujua mchezo, jambo moja linatosha. Mtu anarusha mpira, mwenzake analinda vijiti vitatu kwa gongo, na katikati yao mpira unadunda kwenye kipande cha udongo kilichoshindiliwa, chenye urefu wa mita ishirini. Kipande hicho ndicho pichi. Kikiwa na maji, mpira unalala. Kikiwa na ufa, unaruka na kumpiga mtu kidevuni. Kazi ya mzee ni kuhakikisha mpira haufanyi lolote kati ya hayo.

Udongo anauchukua kwenye vichuguu, anauchekecha, anaumwagia maji, kisha unapitiwa na rola ya chuma yenye kilo mia nne. Rola hiyo haina injini. Injini yake ni kanuni ya klabu isemayo kwamba anayechelewa mazoezi anaivuta, na kwa kuwa wanachama hawa ni watu wa kuchelewa, mzee hajawahi kukosa nguvukazi.

“Daktari wa meno peke yake amenivutia kama kilomita mia,” anasema. “Ningekuwa na watatu wa aina yake ningejenga barabara.”

Daktari huyo wa meno ndiye katibu wa klabu, mwanamke aliyekaa hapa miaka kumi na tisa huku wengine wakikaa miwili au mitatu. Mwaka wa klabu una majira mawili. Kiangazi ni mechi, chai ya saa kumi, na watoto wanaolala kwenye majani nje ya mstari. Masika ni kwaheri. Mikataba inaisha, makontena yanafungwa, na kila anayeondoka anagongomelea msumari kwenye ukuta wa stoo na kutundika kofia yake ya kuchezea. Ukuta una kofia sitini na moja. Kila asubuhi mzee anachagua moja na kuivaa.

“Kofia isipovaliwa inaingia mende,” anaeleza. “Na mimi siwezi kununua kofia wakati nina sitini.”

Mshahara wake, kwa hesabu ya mkewe ambaye ni fundi cherehani, unaishia tarehe ishirini na mbili ya mwezi. “Siku zinazobaki tunaendeshwa na cherehani,” anasema mama huyo. “Kwa hiyo baba watoto akiniambia amechoka, namuuliza, uchovu wa tarehe ngapi?”

Wachezaji wanamwita Mzee Bado, na jina hilo halikutoka nyumbani. Alipewa hapa hapa uwanjani, miaka ya mwanzo, na wachezaji waliokuwa wakimuuliza kila Jumamosi kama wanaweza kuanza na kupata jibu lilelile. Neno “tayari” hawajawahi kulisikia kinywani mwake. Pichi inapokuwa tayari, anachukua nyundo ya mbao na kupigilia vijiti. Basi.

Wageni wakalipenda neno lile, wakalichukua. Timu ikibanwa, wanapigiana kelele: “Bado! Bado!” Kwenye sherehe za kuagana wanainua glasi juu na kuliita kwa pamoja, wakimaanisha kwamba anayeondoka hajamalizana nao. Limeandikwa hata kwenye kikombe cha klabu.

“Wamelipeleka mbali,” anasema mzee. “Kwangu mimi lina kazi moja. Nikisema hapana, rudini nyumbani mkalale. Nikisema bado, bandikeni chai. Maana yake linakuja.”

Neno hilo ndilo nusura limwondolee kazi.

Mwanzoni mwa msimu uliopita klabu ilipata nahodha mpya, mhandisi wa mitambo ya maji, aliyekuwa na wiki saba tu nchini. Alikuja na pendekezo: udongo uondolewe, litandikwe zulia la plastiki juu ya zege. Zulia halihitaji rola wala vichuguu. Mvua ikinyesha, linafagiliwa na mchezo unaendelea. Muuzaji alikwisha leta kipande cha mfano, kijani kibichi, na watu wakakikanyaga kwa viatu vyao na kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Halihitaji pia mtunza pichi. Hilo halikuandikwa kwenye pendekezo, lakini mzee alilisoma.

“Nilikiangalia kile kipande,” anakumbuka. “Nikachomeka ufunguo. Haukuingia. Nikajua hapo mimi sina kazi.”

Kamati ya watu saba, nahodha akiwemo, ikakubaliana itazame mechi moja kubwa, dhidi ya timu inayotoka mwendo wa saa tatu kwa basi, kisha ipige kura.

Usiku wa kuamkia mechi hiyo mvua ilinyesha, nje ya majira. Pichi ilikuwa imefunikwa, lakini turubai lilikuwa na mpasuko, na asubuhi mzee akakuta upande mmoja umelowa kwa ukubwa wa sinia la pilau ya harusi. Saa moja nahodha akapiga simu kuuliza hali ya uwanja kabla ya kuiruhusu timu ngeni kuondoka kwao.

“Bado,” mzee akasema.

“Bado!” nahodha akajibu kwa furaha, akakata simu, akaiambia timu ngeni ije.

Katika wiki zake saba, nahodha alikuwa amelisikia neno hilo mahali pawili tu: kwenye sherehe ya kuagana, glasi zikiwa juu, na uwanjani, timu ikihimizana. Alikuwa na hakika kwamba maana yake ni “twende kazi”.

Saa nne basi likaingia. Watu kumi na wanne wakashuka na mabegi, wakamkuta mzee amepiga magoti anakamua maji kwa kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro kuukuu.

“Mzee, umesema bado!” nahodha akalalamika.

“Ndiyo. Na sasa hivi nasema tena. Bado.”

“Lakini bado ni… bado! Wote wanasema, wanakunywa!”

Daktari wa meno akakaa chini kwenye ngazi akicheka hadi machozi. Alipopata pumzi akamweleza nahodha maana ya neno. Tangu siku hiyo mhandisi anaitwa Bwana Tayari, na hajalipenda jina hilo hata kidogo.

Kicheko hakikukausha udongo. Wajumbe wa kamati walikuwa wamekaa kwenye viti wakitazama kidimbwi, na kipande cha zulia kilikuwa mezani pembeni yao. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kwenye zulia wangekuwa wameshacheza ova kumi, yaani mipira sitini.

Hapo ndipo mpishi alipotoka jikoni. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mikono yake imezoea masufuria ya watu arobaini, na msaada wake siku zote ulikuwa ni maneno.

“Babu, unakamua tu, unakamua. Hiyo inataka moto wa juu.”

“Utanipasulia udongo.”

“Keki naipasua? Si naipa makaa juu, kidogokidogo. Udongo na unga vina tofauti gani?”

“Unga unaliwa.”

“Na wewe leo utaliwa usiponisikiliza.”

Mzee alitazama jua, akatazama viti vya kamati. “Lete,” akasema.

Mpishi akaleta makaa kwenye trei ya bati yenye mshikio mrefu, na kwa dakika hamsini akaipitisha juu ya sehemu iliyolowa, kiganja kimoja kutoka ardhini, kwenda na kurudi kama anayepiga pasi shati la bwana harusi. Hakuigusisha chini wala kuisimamisha mahali pamoja. Mzee alimfuata na ufunguo. Nahodha, kwa kujiadhibu, akavuta rola akiwa na wachezaji watatu wa timu ngeni. Daktari wa meno akaamuru chakula cha mchana kiliwe kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Saa saba na nusu mzee akachukua nyundo na kupigilia vijiti.

Zikachezwa ova ishirini kila upande. Nahodha alitolewa kwa mpira wa pili, vijiti vyake vikalala chini. Klabu ikashindwa kwa mikimbio minne, yaani alama nne. Lakini baada ya mechi mhandisi yule hakwenda kunywa. Alichukua futi ya kupimia, akamsimamisha mtu juu ya kiti, na kudondosha mpira kutoka kimo kilekile mahali kumi na pawili tofauti, akiandika ulivyodunda. Tofauti kati ya mdundo wa juu kabisa na wa chini kabisa haikufika upana wa vidole viwili. Pale palipokuwa na kidimbwi hapakutambulika.

Nahodha wa timu ngeni naye alikuwa na lake. “Msimu huu tumecheza viwanja tisa,” aliiambia kamati. “Vinane ni zulia. Hiki ndicho tulichokaa saa tatu kwenye basi kukifuata.”

Kura zilikuwa nne kwa tatu, udongo ubaki. Ya nne ilikuwa ya mhandisi.

“Mimi napima,” anasema sasa, kwa Kiswahili ambacho mwaka mmoja umekinyoosha. “Pichi ya mzee ni nzuri, nimepima. Lakini mtambo unaotegemea mtu mmoja ni mtambo mbovu. Mzee akiumwa, tunafanya nini?”

Kwa hiyo kura ilikuja na sharti. Klabu itabaki na udongo kwa misimu miwili. Baada ya hapo, kama hakuna mtu wa pili anayeweza kuiandaa pichi peke yake, zulia litatandikwa. Mzee ana miaka hamsini na tisa na goti moja linalogoma asubuhi. Aliona sharti hilo ni la haki.

Wanachama walidhani angemleta ndugu. Siku ya pili alikwenda jikoni.

“Akaniambia, mwanangu, acha hizo karoti,” mpishi anasimulia. “Nikafikiri kuna msiba.”

Mzee ana sababu zake, na anazitaja bila kupamba. Mpishi amepanga chai kwa neno lake kwa miaka tisa, kwa hiyo anajua pichi inachukua muda gani kukauka kwa jua gani. Ana subira ya moto mdogo. Na habembelezi mtu. “Kazi hii ngumu yake si rola,” anasema. “Ngumu yake ni kumwambia bado mtu aliyekwisha vaa viatu.”

Msimu huu ndio wa pili, na zimebaki mechi sita. Mpishi anachekecha udongo mwenyewe. Anajua kwamba ufunguo ukitoka na tope, kazi haijaanza. Ukiingia kwa shida na kutoka mkavu, imekwisha. Kamati imekubali kumwongezea cheo na mshahara akifaulu, na tayari ameanza kumfundisha mdogo wake kazi ya jikoni.

Mzee amepanga kustaafu baada ya miaka miwili. Anataka kukaa na mkewe karibu na cherehani, “nimuulize na mimi, uchovu wa tarehe ngapi.” Kwenye ukuta wa stoo, safu ya chini, amekwisha gongomelea msumari wa sitini na mbili. Haujatundikwa kitu. Hana kofia yake mwenyewe, hajawahi kuwa nayo, na mkewe ameahidi kumshonea.

Jumamosi inayofuata, saa moja kasoro robo, aliyepiga magoti uwanjani si mzee. Mzee amesimama nje ya mstari, mikono nyuma, kichwani hana kitu. Kofia ya mwalimu wa fizikia ameivaa mpishi. Ufunguo anao yeye, na simu amekabidhiwa.

Mzee ameshaizunguka pichi mara moja kwa macho. Kwa rangi yake, anaona imekauka. Anaitazama nyundo iliyolala kwenye majani, lakini haigusi.

Mpishi anachomeka ufunguo upande wa mbali, karibu na mstari, mahali pale pa kidimbwi cha mwaka jana. Anauchomoa, anautazama, anaupitisha kidoleni. Simu inalia.

“Shikamoo, mama. Pichi vipi?”

Anamtazama mzee. Mzee anatazama pembeni.

“Bado,” anasema mpishi, na kukata.

Mzee anavuka mstari polepole, anauchukua ufunguo mkononi mwa mpishi na kuugeuza kwenye mwanga. Kwenye jino la mwisho kuna chembe ya udongo, ndogo kama punje ya ufuta, na imelowa.

Anamrudishia ufunguo. Kisha anageuka, goti lake likilalamika, na kuelekea jikoni kubandika chai.