Aliyeona Ajitaje

Katika kikao cha mfereji kwetu Chawia, kule milimani, neno la maji halikupokelewa bila mtu aliyeliona. Mtu alisimama, akataja jina lake na la baba yake, kisha akaeleza alichokiona na mahali alipokuwa. Asiyejitaja aliambiwa akae. Aliyejitaja alijua kwamba kuanzia hapo watu wote wa mfereji ule walikuwa nyuma yake, na yeyote aliyemsumbua kwa maneno hayo alifungiwa maji. Mama yangu, mjane aliyelima kwa zamu yake ya maji, alijitaja mara nyingi kuliko wanaume.

Naeleza hili kwanza kwa sababu kosa langu lilitoka humo.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya tambarare, upande wa kwenda Voi. Sikuwa nimepitia chuo cha ualimu. Sayansi niliyokuwa nayo niliipata kwa masomo ya posta. Karibu na shule palikuwa na kiwanda kidogo cha mkonge, ambacho sasa hakipo. Mashine ilikwangua majani ikatoa nyuzi, na kilichobaki, yaani makapi na maji ya kijani yenye kunuka, kilimwagwa mtoni. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wafanyakazi, nao walikaa katika nyumba za kiwanda.

Kitabu chetu kilikuwa na somo la uchafuzi, na picha ya mabomba ya moshi ya mji wa Ulaya. Watoto waliichora vizuri. Hakuna aliyeuliza swali.

Wakati fulani mama alikuja kunitembelea. Alishuka mtoni kufua, akarudi na nguo hazijaguswa maji.

"Watu wanakunywa yale maji?"

"Wengine wanakunywa, mama. Sijajua kilichomo ni nini hasa. Nimeagiza kitabu."

Akacheka. "Kwa hiyo mto usubiri posta? Umefunua jiwe ukatafuta kaa?"

Kule milimani, akanikumbusha, penye kaa chini ya mawe maji ni mazima. Kaa wakitoweka, mfereji unafungwa, watu wanapanda wakifuata maji mpaka wamfikie aliyeyachafua. "Haya uliyaona ukiwa mdogo," alisema. "Ama ulikuwa unasinzia?"

Ijumaa tatu mfululizo nilipeleka darasa mtoni. Tulianzia upande wa juu wa kiwanda, tukashuka hatua hamsini hamsini, na kila kituo watoto walifunua mawe ishirini. Juu walipata kaa, viluwiluwi na watoto wa kereng'ende. Chini, kupita mtaro wa kiwanda, mawe yalikuwa na utelezi tu.

"Mwalimu, kaa wa hapa wako likizo!" mmoja alipiga kelele.

"Wamefukuzwa kwa ada," mwenzake akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Msichana mmoja hakucheka. Ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote, na sikuwa na shaka kwamba angefaulu mtihani wa Novemba wa kwenda sekondari. Alikuwa amechota tope kwa kiganja, akaonyesha vijidudu vyekundu vyembamba kama uzi. Hakuna kingine kilichokuwa hai pale.

"Baba anafanya kazi kwenye mashine," aliniambia. "Niandike hivi hivi?"

"Andika ulichokiona."

"Na jina?"

"Asiyejitaja huambiwa akae," nilisema, nikijisikia mwalimu kweli kweli. "Jina lako na la baba."

Wote waliandika. Nilinakili matokeo kwa mwandiko safi, majina pembeni, nikaongeza ombi moja: kiwanda kichimbe shimo la maji machafu mbali na mto. Nikaipeleka karatasi mwenyewe katika ofisi ya kiwanda. Karani aliipitia sehemu ya kaa haraka. Majina aliyasoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Hata hilo sikulielewa.

Wiki hiyo hiyo wazazi waliitwa mmoja mmoja katika ofisi hiyo. Walitakiwa kusema kwamba watoto walidanganywa na mwalimu. Walisema, na siwalaumu. Mwalimu mkuu aliniuliza nimetumwa na nani. Chifu aliniambia mambo ya kiwanda yana wenyewe. Katika tambarare ile hapakuwa na kikao cha mfereji, wala mtu wa kusimama nyuma ya aliyejitaja. Nilikuwa nimewafundisha watoto nusu ya desturi, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watu.

Baba wa yule msichana peke yake alikataa. "Mtoto wangu hakudanganya," alisema ofisini. Aliachishwa kazi, akaambiwa awe ameondoka katika nyumba ya kiwanda kufikia Jumamosi.

Nilimkuta akipakia vitanda kwenye lori. Binti yake alikuwa ameshakaa juu ya magunia, amekumbatia sufuria.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini? Si ulifundisha?" Alikaza kamba. "Ile harufu, mwalimu, ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Ulidhani sisi hatuna pua?"

Nilimwomba amwache msichana kwangu, akae na mke wangu mpaka mtihani uishe. Zilibaki wiki sita tu. Nilisema ana akili, nilisema nitamgharamia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Umeshamwandika mara moja," akasema. "Inatosha."

Lori lilielekea upande wa Ronge. Kiwanda hakikuchimba shimo. Kilirefusha mtaro hadi chini ya daraja, mahali ambapo watoto wa shule hawakufika.

Mimi sikufukuzwa. Niliachiwa darasa langu, pamoja na fomu ya kumwondoa mtahiniwa, iliyotakiwa kujazwa na mwalimu wa darasa. Palikuwa na nafasi ya sababu. Niliandika kwamba mzazi amepata kazi kwingine, nikatia sahihi.