Émerance na Ndugu Waliofunga Kula

Jua bado halijafika dirishani. Émerance Ngalula anafungua chumba cha kutolea damu katika hospitali moja ya Lubumbashi. Anatandika shuka, anakunja pembe zake vizuri, anapanga pamba. Ngozi ya vidole vyake imekauka kwa dawa ya kunawia.

Kwenye benchi wanangoja ndugu wa ukoo mmoja kutoka Naviundu. Juu wodini amelala mtoto wao Princesse, wa miaka mitano. Malaria imemmaliza damu, viganja vimekuwa vyeupe. Friji ya damu iko tupu. Uhai wake uko mikononi mwa hawa waliokaa hapa.

"Bonjour, bapendwa. Asubui mulikula nini?"

Wanatazamana. Dorcelle, mama wa mtoto, ndiye anayejibu. "Hatukule, Mama. Tangu juzi tuko tunafunga juu ya mutoto. Jamaa yote."

Émerance anaketi kidogo.

"Pale njo moyo yangu inakufaka," anasema baadaye, akisimulia siku hiyo. "Banakuya na mapendo yote, lakini tumbo bure."

Aliyefunga hivyo akitolewa damu anaweza kuzimia. Chadrack, mjomba wa mtoto, mwenye mabega ya mbeba mifuko ya saruji, anacheka. "Mama, miye hivi nianguke?"

"Bakubwa njo banavunjaka mugongo yangu kubainua. Leta mukono, papa."

Presha iko chini sana. "Kwenda ule bukari, unywe maji mingi, urudie. Mungu atakuelewa."

Chadrack anamtazama dada yake, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuiba. Dorcelle anageuza uso ukutani. "Kula, yaya," anamwambia kaka yake mkubwa.

Anarudi adhuhuri, ameshiba ugali, analala, damu inashuka polepole mfukoni. Halafu lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kazi hiyo haiharakishwi. Mfuko unakaribia kuwa tayari, kilio kinashuka kwenye ngazi kutoka wodini kwa Princesse. Émerance anakijua kilio cha namna hiyo. Anaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Jioni mfuko ule aliwekewa mama aliyejifungua na kuvuja damu. Alipona. Baada ya mazishi Chadrack alirudi kuuliza, "Damu yangu iko wapi?" Alipoambiwa, alikaa kwenye benchi, akafunga kifungo cha shati, akakifungua, akakifunga tena.

"Basi iko natembea," akasema.

Émerance ana miaka hamsini na minne. Mshahara ukichelewa, anauza bitumbula, yale maandazi madogo, langoni pa hospitali. Hataki kuacha kazi hii. Anachotaka ni kufika kwa watu kabla hawajafika kwenye benchi lake.

Jumapili ijayo kanisa la kina Dorcelle limempa nafasi baada ya matangazo. "Mufunge, sibakataze," atawaambia. "Lakini jamaa iko na mugonjwa, bantu babili bakule."

Anaogopa kuonekana hana imani. Dorcelle amesema atasimama naye.

"Miye njo nitasema mbele," alimwambia. "Juu ni miye nilibakataza chakula."