Mikilua ya Kanga na Mwanamke Aliyeipigania

Amefariki yule mama wa kijiji cha Kanga aliyegombana na kaka yake kwa ajili ya maua. Habari nimeipata sokoni Kilindoni kwa muuza samaki wa hukohuko Kanga, aliyeniambia huku akinifungia changu wangu, "Mwenyekiti wa bustani katutoka. Tumemzika jana alasiri." Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Machozi yalinitoka, sitaficha, lakini kabla sijafika nyumbani nilijikuta nacheka peke yangu njiani, maana mama yule hukuweza kumkumbuka ukabaki umenuna. Wasomaji mliozoea kunisikia nikilalamikia barabara na bei ya sukari mtanivumilia. Leo moyo unanichemka, nataka kuzungumza habari za maua.

Chama cha bustani cha wanawake wa Kanga na Bweni ndicho kilichonikutanisha naye. Waliandaa mashindano ya bustani za nyumbani, wakakosa mwamuzi, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuhukumiwa na mwanamke mwenzake. Nikaitwa mimi, nisiyejua kutofautisha mchicha na mnavu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi, nikaonyeshwa asumini, rihani na mikadi, lakini mwaka ule kila bustani ilijivunia mikilua. Kwa wasioujua, mkilua ni mti mdogo wa msituni unaopenda kivuli, na maua yake yana harufu inayokaa kwenye nguo hata yakishakauka. Bibi harusi wa kwetu huvaa kifuani kikuba, kifungu kidogo cha maua na rihani, na kikuba kisicho na kilua ni bora kisivaliwe. Basi, ili washinde, wanawake walikuwa wameing'oa mikilua kichakani na kuichomeka kwenye bustani zilizofagiliwa zikang'aa juani. Mwenyekiti alikuwa nayo mingi kuliko wote. Nikampa zawadi ya birika, vigelegele vikapigwa.

Mvua hata hazijaanza, mikilua yote ilikuwa imekauka. Mama akaja kwangu na birika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika birika lako."

"Kwani linavuja?"

"Birika halina kosa. Mwenye kosa mimi. Nimeua miti nikapigiwa vigelegele, na wewe ukaniongezea chombo cha chai."

Nilimpenda tangu siku ile. Akaitisha mkutano, akayasema hayohayo mbele ya chama kizima, kisha akaweka sharti: hakuna kung'oa tena. Maua yachumwe, na anayetaka mkilua wake aokote mbegu, aioteshe kivulini, asubiri. Mwanamke mmoja wa Bweni akasema mgongo wake haumruhusu kuokota mbegu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama akamjibu, "na kwenye sinia la pilau tunakuona unavyoinama."

Kumbe kichaka chenyewe kilikuwa na adui mkubwa zaidi. Mikilua mingi ilibaki mahali pamoja tu, katika shamba alilorithi kaka yake, mtu wa minazi na ng'ombe. Mbata, nazi iliyokaushwa, ilikuwa na bei nzuri, naye alikusudia kukifyeka kichaka apande minazi. Dada mtu alimbembeleza, akampelekea haluwa, akawatuma wazee. Jibu likawa lilelile: "Maua hayamlishi mtu. Harusi ya binti yangu ikipita, nafyeka."

Laiti angefyeka kabla ya harusi! Wanawake wa chama walikuja kwenye shughuli kama ada. Walipepeta mchele, walikuna nazi, waliimba, walimpaka bibi harusi hina. Ilipofika zamu ya kutunga vikuba, wote wakakaa mkekani na kukunja mikono. Mama wa bibi harusi akauliza mwanawe atavaa nini.

"Avae makumbi ya nazi," wifi yake, yule mwenyekiti wetu, akamwambia. "Si ndiyo anayoyapenda baba yake?"

Bibi harusi akaangua kilio ndani. Mama yake akatoka kumfuata mumewe barazani. Alimwambia nini, sijapata kujua mpaka leo, ila sisi wanaume tuliokuwa nje tulimwona bwana yule akisimama bila kofia na kutangaza kwamba kichaka hakitaguswa maadamu dada yake yu hai. Vikuba vikatungwa, na harufu ikatufikia mpaka huku nje.

Maadamu dada yake yu hai. Maneno hayo ndiyo yaliyonikimbiza Kanga kesho yake baada ya habari ile ya sokoni. Nilimkuta kaka mtu matangani, nikampa mkono wa rambirambi, nikajitahidi kunyamaza, nikashindwa.

"Na kichaka, bwana?"

"Wewe ni wa tano kuniuliza," akasema. "Dada alinishinda kwa harusi moja. Mimi nina mabinti wanne hawajaolewa. Unadhani nina nguvu za kupigana na wanawake wa Bweni mara nne?" Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Asubuhi ile, akaniambia, amekizungushia kichaka ua wa miba, ng'ombe wasiingie.

Nilikwenda kuuona, na nakiri niliruka kwa furaha, mtu mzima na ndevu zangu. Miti yetu mingi inakatwa kila siku, na sisi wenye kalamu tunadhani dawa ni amri. Amri mtu huivunja asubuhi na mchana akala akashiba. Mama yule hakutumia amri. Alikifunga kichaka kwenye furaha ya watoto wa mwenye panga. Nawe msomaji, ukitaka mti wa kwenu usikatwe, usianze kwa kumhesabia mwenye shamba hasara yake. Mtafutie kwanza binti yake atakayelia.