Siku nilipovuta magunia kwa mkono uliovunjika na nisisikie kitu

Wakuu, nawasalimu. Hili lilinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa ticha kijana kutoka Bukoba, nimepangiwa shule ya kijiji cha Narung'ombe, huko kusini. Enzi hizo ukipata lori la korosho, umepata basi.

Mchana mmoja nikapanda moja kwenda Nachingwea. Juu ya magunia tulikuwa mimi na Bi Somoe, mkulima wa Matambarale.

Kwenye mteremko breki zikagoma. Lori likalala ubavu.

Mimi nikarushwa majanini. Bi Somoe akafukiwa na magunia. Nikamsikia kwa mbali: "Jamani, wanangu!"

Nikavamia magunia, navuta, natupa. Dereva alipojitoa ndani akapiga kelele, "Mwalimu, mkono wako!"

Nikatazama. Mkono wa kushoto umepinda katikati, kama una kiwiko cha pili. Wakuu, sikusikia hata kama nimefinywa! Nikaendelea.

Tukamtoa. Akakohoa, akaomba maji.

Hapo ndipo maumivu yaliponivaa. Nililia kwa sauti, sina aibu kusema.

Hospitali, daktari mmoja mama alinifunga plasta. Nikamuuliza, mbona mwanzo sikuumia?

"Ubongo wako una dawa yake yenyewe," akasema. "Inaitwa enkefalini, wataalamu wameigundua miaka ya karibuni tu. Ukiwa hatarini inamwagwa, inaziba njia ya maumivu yasifike kichwani. Inafanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu."

"Sasa ilienda wapi?"

"Ilikatwakatwa. Mwili una vimeng'enya, kazi yake kuikata vipande mara moja. Vipande havizuii tena kitu."

Nikalalamika, si vingeiacha tu?

Akacheka. "Ungeendelea kubeba magunia mpaka mkono uoze, mwalimu. Maumivu ndiyo yaliyokuleta kwangu."

Nilikuwa nafundisha sayansi, lakini siku ile nilijiona kama mgeni ndani ya mwili wangu. Nani aliipima dawa ile? Nani alijua Bi Somoe ameshatoka, sasa mwalimu aumie?

Mkono ulipona. Bi Somoe alikuja wodini na uji wa ufuta, akanishika kichwa akasema, "Mwanangu, Mungu alikuazima ili unitoe." Mpaka leo sijapata maelezo yanayoyashinda hayo, na ya daktari nayaamini yote.

Funzo langu: usiyatukane maumivu, na usijione umepona kwa kuwa huyasikii.

Madaktari wa humu, nilipokosea nirekebisheni. Na wewe uliyewahi kuumia usijue, hebu tusimulie ilikuwaje.