Mtoto Asiyesikia

Jirani yangu hapa Kabuga ana binti anayejifunza kuimba. Jioni, mvua ikishapita na harufu ya udongo mbichi ikiingia dirishani kwangu, namsikia akipanda taratibu: do, re, mi, fa, so. Akifika fa sauti inamteleza, anasimama, anaanza upya. Nami naacha vitunguu nilivyokuwa nakata, nageuza shingo ili sikio la kulia limpate vizuri. Kugeuza shingo namna hiyo ni mazoea yangu ya zamani, na yana kisa chake.

Nilipokuwa na miaka kumi, nyumbani nilijulikana kwamba sisikii. Mama alikulia Bukoba, Tanzania, ndiyo maana kwetu tuliongea Kiswahili, na katika Kiswahili cha Mama mtoto asiyesikia ni mtoto mkaidi. "Keza! We Keza! Masikio umeyapeleka wapi?" Aliita, akaita tena, na mwisho wa kuita ulikuwa kofi. Shuleni Kinyarwanda nacho kilisema vilevile. Wenzangu walinipa jina la Ntiyumva, yaani hasikii, kwa sababu nikiitwa niligeukia upande usio na mtu, na kichekesho hicho hakikuwachosha. Sikubishana nao. Mtu akikuambia kila siku kwamba una kiburi, unaanza kukitafuta ndani yako. Mimi sikukiona, lakini niliamini kipo.

Hata hivyo niliimba. Niliimba nikiosha vyombo, nikifagia, nikisukwa nywele, mpaka Mama, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya serikali huko Kacyiru, akanipeleka kwenye darasa la muziki la Jumamosi katika ukumbi mdogo jirani na kazini kwake. Ukumbi ulinukia chaki na nta ya sakafu. Mwalimu Bahati alikuwa mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye vumbi la chaki mpaka viwikoni, na Kiswahili chake cha Kongo kilimfanya Mama auminye mdomo asicheke. Kinanda chake cha umeme kilikuwa na kitufe kimoja kilichokwama kila kikibonyezwa, ikambidi akinyanyue kwa ukucha katikati ya wimbo.

Alitufundisha mambo mawili. La kwanza ni kuimba kwa kuziona noti tu, zile alama za muziki. Anachora mistari mitano ubaoni, anazitawanya noti juu yake, halafu unaimba wimbo ambao hujawahi kuusikia, bila mtu wa kukutangulia. Hilo nililipenda mno. Macho yalipanda, sauti ikapanda. Macho yalishuka, nayo ikashuka, na wimbo ukatoka mzima kinywani mwangu kama niliujua tangu zamani. Hakuna aliyehitaji kuniita ili nifike.

La pili aliliita imla. Yeye anapiga noti mbili au tatu kwenye kinanda, sisi tunasema ni zipi na zimeachana kiasi gani. Hapo sikueleweka. Jumamosi moja nilizipata zote, Jumamosi nyingine sikupata hata moja. Na tulipoimba kwa sauti mbili, wenzangu wa sauti ya pili wakiwa kushoto kwangu, walikuwa kama hawapo. Nilibebwa na wale wa sauti ya kwanza mpaka Mwalimu akagonga meza. "Keza, rudia kwenu!" Nilitamani sana kurudi kwetu, ila sikujua kuko wapi.

Habari zikamfikia Mama. "Kumbe kiburi cha nyumbani unakipeleka mpaka kwa watu? Siku ya mtihani nakuja mwenyewe. Ukifanya mchezo, nakutoa."

Alikuja kweli, amevaa nguo za kazini, akakaa benchi la nyuma na mkoba wake magotini. Nilianza na kuimba noti za ubaoni. Niliziimba zote bila kukwama, nikamwona Mama akiangalia pembeni, jinsi anavyofanya akifurahi na hataki ujue. Kisha ikaja imla. Ili tusichungulie vidole vyake, Mwalimu aliniambia nitazame dirishani. Kinanda kikawa kushoto kwangu. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nikasubiri. Nikasikia mvua, nikasikia mtoto akikohoa kule kulia, nikaendelea kusubiri.

"Ee, Keza?" Mwalimu alikuwa amenijia mbele. "Ni gani na gani?"

"Bado sijasikia, Mwalimu."

Alirudi akapiga tena. Sasa nikabahatisha: do na so. Watoto wakaangua kicheko. Mama akasimama. "Mwalimu, mimi nilikuambia. Huyu anasikia anachokitaka yeye."

Mwalimu alikiacha kinanda. Alinishika mabega, akanigeuza nitazame ukuta wa pili, kinanda kikawa kulia. Akapiga, nikajibu. Akapiga zilizo ngumu zaidi, nikajibu kabla hajainua vidole. Akasimama kidogo akishika kidevu. Halafu akaja, akaniambia nizibe sikio la kulia kwa kiganja, nikaze, nifumbe macho, na nimtajie noti atakayoimba.

Nikafumba macho. Nikangoja. Niliona aibu kwa jinsi alivyochelewa.

"Mwalimu, imba basi," nikasema.

Nilipoona kimya kimezidi, nikafumbua macho na kuushusha mkono. Hakuna mtoto aliyekuwa anacheka. Mwalimu alikuwa ameinama karibu kabisa na shavu langu la kushoto.

"Nimeshaimba, mwana," alisema.

Kisha akamgeukia Mama. "Mama, huyu mutoto hana kiburi. Sikio yake ya kushoto haisikie kitu."

"Haiwezekani," Mama alisema. "Si anaimba?"

"Anaimba na ile moja."

Mama akakaa chini. Mkoba ulimponyoka, na hakuuokota.

Hospitalini walithibitisha. Sikio la kushoto halikuwa linafanya kazi, pengine kwa sababu ya homa kali iliyonipata nikiwa mchanga, na hapakuwa na dawa. Mwalimu Bahati hakunionea huruma, na hilo namshukuru hadi leo. Alinihamishia mwisho wa mstari, upande wa kushoto kabisa, ili sauti zote zinijie kutoka kulia. Akanitaka nisome noti za sauti ya kwanza pia, si zangu tu, nijue wenzangu wanakwenda wapi kabla hawajafika. Polepole nikaacha kubebwa. Nikajua kukaa kwenye noti yangu huku ya jirani ikinisugua, na hata kuufurahia msuguano huo. Sauti ya pili ndiyo ninayoimba kwenye kwaya mpaka sasa.

Mama ndiye aliyenitatiza. Aliacha kuniita kutoka jikoni. Akija, alinigusa bega kwanza. Tukitembea alihamia kulia kwangu. Alikwenda shuleni, na kesho yake nikahamishwa dawati. Yote hayo aliyafanya bila kusema neno, na uso wake ulikuwa umefungwa. Nikahitimisha kwamba amekasirika: alidhani ana mtoto mkaidi wa kurekebishwa, kumbe alipewa mtoto mbovu.

Nilipojifungua mwanangu wa pili, Mama alikuja kukaa nami. Siku moja tulikuwa tunamenya maharage mabichi, mtoto amelala, Mama akaniuliza bila kuinua macho:

"Keza, siku ile maziwa yalipofurika nikakuchapa na mwiko. Ulikuwa umenisikia nilipokuita?"

Niliikumbuka vizuri. Mama alikuwa uani, mimi nimesimama kando ya jiko nikichora ukutani kwa mkaa, na kitu cha kwanza nilichokijua ni mwiko.

"Nilikusikia, Mama. Nilikuwa nacheza tu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Alishusha pumzi ndefu, akachukua ganda jingine.

Nilipokuwa mtoto nisingeweza kuijua maana ya uso ule uliofungwa. Ilibidi kwanza nimkaripie mwanangu mkubwa kwa jambo ambalo hakulifanya, nione jinsi linavyokaa kifuani siku nzima. Ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakuwa na hasira na mimi. Miaka yote hiyo alikuwa anarudi nyuma, kofi kwa kofi, akijiuliza lipi nililistahili, na hakuwa na mtu wa kumuuliza ila mimi.