Milango ya Gari la Mzee Nkuba

Kuna wezi wanaovunja dirisha usiku, na hao angalau wanajua kwamba ni wezi. Jailos wa Iringa anaiba mchana kweupe, kwenye duka lenye feni, na ukimlalamikia anakuuliza risiti iko wapi. Nitamfikia. Kwanza nimweleze Ng'washi, maana hasira hii ni ya kwake. Mimi nimeiazima tu, na mpaka leo sijairudisha.

Ng'washi ni jirani yangu hapa Ilomba, Mbeya. Anauza mchele, mimi nauza ndizi, na meza zetu sokoni zinagusana. Ni Msukuma wa Usangu. Baba yake, Mzee Nkuba, alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga akiwa kijana, akaweka makazi karibu na Ubaruku, na Ng'washi akazaliwa hukohuko. Ni mpole kupita kiasi. Mteja akimtolea maneno machafu, yeye anamwongezea mchele kiganja kimoja. Mimi ni Mnyakyusa na upole sikujaliwa, kwa hiyo nimekuwa nikimgombeza kwa jambo hilo tangu tufahamiane.

Mwaka mmoja wa zamani, mpunga na ng'ombe vilipomkubali kwa pamoja, Mzee Nkuba aliuza madume akanunua Korola, ile ya pembepembe ambayo watu waliiita DX. Ilikuja na nailoni kwenye milango, na nailoni hiyo hakuitoa. Nisimcheke, wengi wetu tuko hivyo. Kochi langu mwenyewe lilikaa na nailoni yake mpaka ikachanika kwa uzee. Ng'washi anasema ukiegemea mlango wa gari lile ulikuwa unalia kama karatasi ya pipi, na baba yao aligeuka hapohapo kuangalia nani ameegemea. Walikuwa wanasafiri wamekaa wima kama watu walioko kanisani.

Gari lilipochoka likawekwa bandani. Kuku wakalalia viti, panya wakala milango kwa ndani, nailoni na kila kitu. Kisha macho ya mzee yakafa kwa ule ugonjwa wa presha ya macho. Mwaka jana moyo nao ukaanza kumsumbua, na daktari akaongea na watoto pembeni. Ndipo akamwita Ng'washi.

"Ng'wanone," akamwambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "nataka nikalie gari yangu mara moja. Mnipeleke Igawa, mnirudishe. Baada ya hapo hata nikiitwa naenda."

Kitu kidogo hivyo. Ng'washi akalikokota gari mpaka Ilomba. Injini haikusumbua, fundi aliifufua. Rangi hakuishughulikia kabisa, kwa kuwa kwa mtu asiyeona, rangi ya nje ni faida ya majirani. Gari la mzee ni lile ambalo mkono wake utalikuta: usukani, kiti, na ule ubao uliovikwa leza, ngozi ya bandia, unaofunika mlango kwa ndani, ambao mafundi wanauita paneli. Usukani ulikuwepo. Viti vilishonwa vikakaa vizuri. Paneli ndizo zilitutoa jasho.

Mbeya mjini mafundi walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mama, chukua za IST, tunakata, tunagongelea misumari." Kugongelea misumari kwenye gari la baba wa mtu. Mwingine akamwambia arudi na mume wake ndipo waongee vizuri. Akasikia kuna mzoga wa DX huko Makongolosi, akapanda gari mpaka kwa wachimba dhahabu, akakuta mzoga kweli, ila milango yote minne imekuwa ukuta wa kibanda cha chapati. Akanunua chapati akarudi.

Hatimaye akaelekezwa kwa Jailos, muuza spea wa Iringa. Alikwenda peke yake kwa basi, na huko alipokelewa vizuri, hilo nakiri. Akaitwa mama, akapewa kiti na soda. Jailos akamtolea paneli za DX za kahawia, mpya, zenye mistari ya kushuka kama zile za zamani, zimefungwa kwenye nailoni safi.

"Hizi ni kopi, mama, siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini ni kopi yenye viwango. Zote nilizonazo ni za kiwanda kimoja. Usitoe nailoni, utaziharibu."

Kumwambia mtoto wa Mzee Nkuba asitoe nailoni ni kama kumwambia samaki asitoke majini. Fedha ya mpunga wa msimu mzima ikabaki Iringa. Fundi wetu alipotaka kuichana nailoni ili apime vizuri, Ng'washi alimzuia mkono. Alitaka mlango ulie vilevile baba yake akiegemea. Nilimwelewa. Hata mimi nilisema waiache, na ulimi ule ningeweza kuung'ata.

Siku ya kwenda Ubaruku tuliondoka asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na kikapu cha ndizi za mzee. Tulipofika Chimala jua lilikuwa limeshawaka kama kawaida ya kule chini. Nikasikia mlango wangu unatoa sauti ya kitu kinachobanduka. Nailoni ilikuwa imevimba, na ndani yake leza imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Ng'washi akasimamisha gari. Akaichana nailoni taratibu kwa kucha, na leza yote ikatoka nayo. Chini hapakuwa na ubao. Palikuwa na boksi. Boksi la biskuti, limepakwa rangi nyeusi kwa nyuma, na upande wa mbele picha ya mtoto anayecheka bado inaonekana.

Simu ikaita. Alikuwa mzee.

"Mko wapi? Mimi nimeshavaa koti."

"Kesho, baba," Ng'washi akasema. "Kuna kitu tumesahau."

Akaweka simu chini, akawasha gari kuelekea Iringa. Tukaipita njia panda ya kwenda kwa baba yake bila kukata kona. Nilisema yote niliyokuwa nayo kuhusu Jailos na ukoo wake, kutoka Igawa mpaka Makambako. Yeye aliendesha tu. Nyololo tulikuta ukungu na baridi, nikamnunulia chai, akainywa akiwa amesimama. Nimemjua miaka mingi na sijawahi kuuona uso ule.

Jailos alikuwa na wateja watatu. Ng'washi akalaza paneli kwenye meza, picha ya mtoto juu.

"Mama, ulitoa nailoni," Jailos akasema. "Nilikuambia usitoe."

"Nimetoa leo. Nimekuta boksi."

"Ungefungua hapahapa ningekubadilishia. Mali ikishafungwa kwenye gari hairudi. Ndiyo utaratibu wa duka."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mtu huyu anatufahamu. Anajua tunavyoishi na vitu vyetu, kwamba runinga inakaa na karatasi yake ya kiwandani, kwamba hakuna mtu kati ya Mbeya na Iringa atakayechana nailoni ya kitu kipya dukani. Amejenga biashara juu ya heshima yetu kwa vitu tulivyovitolea jasho. Nilifungua mdomo nimpe zake.

Sikupata nafasi. Ng'washi alikuwa amechukua mkasi uliokuwa juu ya meza. Akatoa paneli ya kwanza kwenye rafu, akaichana nailoni juu mpaka chini, akaimiminia maji ya chupa yake ya kunywa. Leza ikatoa rangi, boksi likalegea. Akachukua ya pili. Jailos alipozunguka meza kumzuia, nilisimama katikati, na mimi si mwembamba.

Rafu ilikuwa inakaribia kwisha alipofikia fungu la chini kabisa, lenye vumbi. Alichana, akamwaga maji, na maji yakateleza yakaanguka sakafuni. Akaikunja paneli, ikakataa kukunjika. Akapitisha kiganja juu ya mistari yake, akarudia. Zilikuwa nne kamili za DX, za mkono wa fundi aliyejiheshimu. Jailos alizikodolea macho, na nikaelewa kwamba hata yeye hakuwahi kuzifungua.

"Hizo bei yake ni nyingine," akasema.

Mmoja wa wale wateja, dereva wa lori mwenye kofia ya sufu, alikuwa na paneli yake mkononi na ameshaanza kuitafutia mkasi. "Kaka, sasa hivi ulikuwa unaniambia zote ni za kiwanda kimoja," akasema. "Mwache mama aende na zake. Mimi na wewe bado tunaongea."

Tukatoka nazo. Fundi wa palepale Iringa akazifunga jioni ile. Zilikuwa uchi, hazina nailoni. Nikamwambia Ng'washi tununue nailoni ya kawaida tuzivalishe, mzee asijue.

"Mama Brayson," akanijibu, "baba yangu hadanganywi na mtu mwingine tena, hata mimi."

Kesho yake tulimkuta amekaa kwenye kigoda uani, na koti lake. Inawezekana alilala nalo. Tulimwamkia, Ng'washi akamshika mkono, akamwingiza kiti cha mbele. Mzee aligusa usukani akatikisa kichwa kukubali. Akagusa kiti. Kisha akauegemea mlango, na mlango haukulia.

Akajiondoa haraka. "Hii siyo gari yangu."

"Ni lako, baba. Nailoni ndiyo haipo. Nimeichana mimi."

Mzee akapeleka mkono mlangoni, vidole vikashuka na mistari, vikapanda, vikashuka tena. Alikaa hivyo mpaka tukafika barabara kuu, mkono haujatoka mlangoni.

"Kumbe ndivyo ilivyokuwa," akasema. Kisha sauti yake ikapanda, na hasira iliyokuwa ndani yake ilizidi yangu na ya Ng'washi tukijumlisha. "Miaka yote ile nawafokea watoto wangu wasiguse. Nilikuwa namtunzia nani?"

Ng'washi alitoa mkono wake mmoja kwenye usukani, akauegemea mlango wa upande wake kwa bega zima, akaendesha hivyo mpaka Igawa.